Soketi ya Msikiti na Haki ya Anayesubiri

Ijumaa moja, yapata saa 11 jioni, kijana wa bodaboda aliingia uani mwa msikiti wetu hapa Musoma akiisukuma pikipiki yake. Ilikuwa pikipiki ya umeme. Asubuhi alikuwa amempeleka abiria Butiama na kumrudisha, na betri ilikuwa imefikia ukingoni. Alizoea kuichaji kwenye soketi yetu ya nje, kwa idhini ya kamati na kwa kulipa shilingi 1,500 kila mara, kwa sababu nyumba aliyopanga ina mita moja ya LUKU kwa wapangaji wote, nao hawakutaka kusikia habari ya pikipiki.

Siku hiyo soketi ilikuwa na mgeni. Alhaji mmoja kutoka Mwanza alikuwa amekuja na Mitsubishi Outlander, gari la mseto: lina injini ya petroli na tangi la lita 45, na pia lina betri ya uniti 12 inayochajiwa kwa kuchomekwa ukutani. Aliniomba ruhusa saa 6 mchana, kabla ya khutuba, nami nikampa kwa furaha. Huyu ndiye aliyetutolea saruji ya madrasa. Alitia shilingi 50,000 kwenye sanduku, kisha akaenda kwa jamaa zake Mwisenge.

“Ustadhi, hili limeshajaa,” kijana aliniambia. “Tazama, taa yake imezimika.”

Alisema kweli. Betri ya namna ile, kwenye soketi ya kawaida, hujaa kwa saa tano hivi. Namba ya simu ya Alhaji ninayo. Sikumpigia. Nilimwambia kijana, “Tuwe na subira, atakuja tu.” Akaketi barazani hadi Maghrib, akaswali nasi, akaketi tena hadi Isha, na zile ndizo saa ambazo abiria wa stendi ya Bweri humlisha. Alhaji alirejea saa 2:30 usiku, akachomoa waya wake, akaniaga kwa maneno mema, akaondoka. Kijana hakuchomeka tena. Aliisukuma pikipiki kuelekea Nyasho gizani, na hesabu ya siku ile hakumfikishia mwenye chombo. Ijumaa tatu zilizofuata hatukumwona katika safu.

Nilipomsimulia mke wangu, hakuuliza habari za saruji. Aliuliza jambo moja: “Baba watoto, kama asingeupata umeme wenu, Alhaji angelala Musoma?”

Swali hilo lilininyima usingizi, kwa maana jibu lake ni dhahiri. Betri ya gari lile, hata ikijaa pomoni, haimfikishi Bunda kabla petroli haijaanza kuungua, na safari yake ilikuwa ya zaidi ya kilomita 200. Kwake umeme ulikuwa nafuu ya sehemu tu ya mafuta. Kwa kijana, hakuna umeme maana yake hakuna kazi. Na mimi, niliyesomeshwa chuo cha Kiislamu, nilimhubiria subira mtu aliyekuwa akiniomba haki.

Nilipeleka suala hili kwenye kikao cha kamati. Mzee wetu mmoja alipinga vikali, na hoja yake haikuwa nyepesi: aliyetangulia kufika kwenye jambo lililo huru kwa wote ndiye mwenye haki nalo, na asiondoshwe. Mwingine alitaka soketi ifungwe kabisa, kwa kuwa umeme ule unalipiwa na sadaka za waumini kwa ajili ya taa, kipaza sauti na pampu ya maji ya udhu. Huyu naye alikuwa na haki ya kuogopa. Shilingi 10,000 ya LUKU haituletei zaidi ya uniti 28 hivi, na gari moja la Alhaji laweza kula karibu nusu yake.

Mimi niliwakumbusha kisa cha Zubayr bin Al-Awwam na jirani yake Answari, kilichopokewa na Bukhari. Waligombania mfereji wa maji kule Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu, maji yakimfikia kwanza. Mtume (s.a.w.) alimwamuru amwagilie, kisha ayaachie yamfikie jirani. Answari akadhani hukumu ile imependelea kwa kuwa Zubayr alikuwa binamu yake Mtume, na ndipo Zubayr akapewa haki yake kamili. Wanavyuoni wametoa mengi katika kisa hiki. Lililonigusa mimi ni hili: hata mwenye haki ya kutangulia, maji yalikuwa na mpaka wa kukaa kwake, kisha yanapita. Dhana ya Answari ilikuwa batili. Ya yule kijana, kama angenidhania upendeleo, isingekuwa batili.

Tumekubaliana kwamba aliyetangulia achaji, lakini chombo kikijaa kichomolewe mara moja. Mwenye gari aache namba ya simu kiooni pamoja na idhini ya kuchomolewa, kwa kuwa mali ya mtu haiguswi bila ruhusa yake. Akija mwenye chombo kisicho na njia nyingine ila umeme, mwenye petroli amwachie hata kama betri yake haijajaa. Hapo yule mzee aliguna, lakini hakupinga tena. Tumenunua mita ndogo ili kila mtu alipie uniti zake, na kuanzia Maghrib hadi Isha soketi inapumzika kwa ajili ya pampu. Umeme wenyewe nchini si haba kama zamani, maana bwawa lililopewa jina la mwana wa Butiama, Julius Nyerere, lina mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115. Ila uani petu soketi ni moja.

Nilimpigia Alhaji kumweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeumia, “Katibu, ulikuwa na namba yangu. Mbona hukuniita? Ningelitoa dakika ile ile.”

Kijana nilimfuata mwenyewe kijiweni, stendi ya Bweri. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwani hata kumsubirisha nilimsubirisha mbele ya watu. Alisema ameshasamehe, kisha akaniuliza kama mita mpya inahesabu kwa uniti au kwa saa. Nikamwambia kwa uniti. Akasema siku hizi anachaji kwa fundi redio jirani na kwake, shilingi 2,000, lakini Ijumaa atapita aone.