Daytona Beach: Mji wa Mchanga Mgumu na Walimu wa Ndege

Mji wa Daytona Beach umo katika jimbo la Florida, kusini-mashariki ya Marekani, ukingoni mwa bahari ya Atlantiki. Mto Halifax, ambao kwa kweli ni mkono wa bahari kuliko kuwa mto, huugawa mji sehemu mbili. Upande wa bara ziko ofisi, shule na nyumba za wenyeji. Ng'ambo ya madaraja uko ukanda mwembamba wa mchanga wenye hoteli ndefu zilizopangwa kama askari katika gwaride, nyuso zote zikitazama maji. Mchanga wa pwani hiyo ni mgumu ajabu. Maji yanapokupwa, magari huteremka na kupita juu yake bila kuzama, na kwa sababu hiyo tangu mwanzo wa karne ya 20 watu walifika hapo kushindana kwa mwendo. Mwaka 1935 Mwingereza Malcolm Campbell aliendesha gari lake juu ya mchanga huo kwa kasi iliyopita kilomita 440 kwa saa. Baadaye mashindano yalihamishiwa katika uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1959, nao umepakana na uwanja wa ndege, hata mgeni anayeshuka hapo huona viti vya watazamaji kabla hajaona mji wenyewe.

Nilifika huko mwezi wa Julai 2023. Nilikuwa nimepelekwa Atlanta kwa kozi ya wiki tatu ya utunzaji wa majalada, na kozi ilipokwisha nikaomba ruhusa ya siku nne, nikapanda basi la usiku kwa safari ya karibu kilomita 700. Wenzangu walidhani nakwenda kuogelea. La hasha. Nilikwenda kumtazama mpwa wangu, na nikiri hapa kwamba nilikwenda pia kutazama fedha za ukoo wetu zimefikia wapi.

Mpwa wangu huyo ni kitinda mimba wa dada yangu mkubwa. Tumepishana miaka isiyotimia kumi, lakini huniita mjomba kwa heshima zote. Amekulia Soroti, mahali ambapo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha shule ya urubani mwaka 1971, na tangu utoto alizoea kuacha jembe na kuinua macho kila ndege ndogo ilipopita juu ya lile jabali kubwa la mji. Baba yake ni sajini mstaafu wa jeshi letu. Kijana alipopata nafasi Florida, shemeji yangu alitoa kiinua mgongo chake, akauza kiwanja na ng'ombe kumi na wanne; sisi wengine tukachanga, na palipopelea tukakopa. Jumla ilipita dola 70,000. Kwa sisi watu wa mshahara, hesabu hiyo haitamkwi mbele ya watoto.

Kwa nini Florida? Jibu liko juu ya kichwa chako mara tu unaposhuka basi. Nchi ni tambarare kama meza, hakuna milima, na asubuhi nyingi za mwaka anga huwa nyeupe. Mwaka 1965 chuo kikuu cha Embry-Riddle, kinachofundisha mambo ya anga, kilihamia Daytona Beach kutoka Miami, na shule nyingine ndogo zimejaa katika viwanja vya jirani kama vile Ormond Beach, DeLand na New Smyrna. Ndege ndogo huzunguka angani kutwa nzima mithili ya mbayuwayu. Shule aliyofanyia kazi mpwa wangu ilikuwa katika kimojawapo cha viwanja hivyo vidogo. Jina lake sitalitaja.

Nimesema alifanyia kazi, kwa maana alikuwa amekwisha hitimu. Hapa sharti nieleze jambo ambalo hata mimi sikulijua. Katika Marekani kijana hupata leseni ya kuruka kwa malipo akiwa na saa 250 angani, au pungufu kidogo katika shule fulani. Lakini hawezi kuajiriwa na kampuni ya ndege za abiria mpaka atimize saa 1,500. Waliosomea urubani katika vyuo vikuu husamehewa mpaka saa 1,000, na marubani waliotoka jeshini hutakiwa saa 750. Sharti hili lilizaliwa na msiba. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya kampuni ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, wakafa watu wote 49 waliokuwa ndani na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Bunge likatunga sheria mwaka 2010, nayo kanuni ya saa 1,500 ikaanza kutumika mwaka 2013. Ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamepita saa 1,500. Wachunguzi walisema rubani mkuu alifanya kinyume ndege ilipomwonya kwamba inapoteza nguvu ya kuelea, na kwamba yaelekea uchovu uliwaathiri wote wawili, ingawa kiasi chake hakikuweza kupimwa.

Basi kijana mwenye saa 250 atazitoa wapi saa 1,250 zilizobaki? Kukodi ndege ni ghali mno. Njia iliyo wazi kwa wengi ni kuwa mwalimu, kwa kuwa saa za kumfundisha mwingine angani huandikwa pia katika kitabu cha mwalimu. Hivyo aliyekuwa mwanafunzi mwezi uliopita huwa mwalimu mwezi huu, naye hufundisha akiwa na shabaha moja tu, ya kuacha kufundisha. Mimi nina cheti cha ualimu. Nilipokuwa mwanachuo, mkufunzi alikaa nyuma ya darasa na daftari lake wiki baada ya wiki kabla sijaachiwa watoto wa darasa la nne peke yangu, na watoto wale walikuwa wamekaa chini, hawakuwa mita 1,000 juu ya ardhi.

Nilimwomba mpwa wangu nimfuate kazini kwa siku moja. Tulifika uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndege yake ilikuwa Cessna 172, ya viti vinne, aina ambayo imetengenezwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani. Aliizunguka akiigusa mbawa na mkia, akakinga mafuta kidogo katika kikombe kuona kama yana maji, akapima oili. Mwanafunzi wa kwanza hakutokea. Tulimngoja mpaka saa mbili. Nikamwuliza atalipwa kiasi gani kwa kungoja huko. Akacheka.

“Mjomba, hapa saa huanza kuhesabiwa injini inapounguruma.”

Hakusema kwa mafumbo. Ndani ya ndege kuna saa ndogo inayohesabu muda wa injini kwa vipande vya dakika sita sita, na hiyo ndiyo iliyokuwa hakimu wa mshahara wake. Kukagua ndege, kueleza somo ubaoni, kujaza karatasi, kumsubiri aliyechelewa, kufagia banda, kupokea simu za ofisi: yote hayo yalikuwa sadaka. Mwanafunzi alitozwa dola 65 kwa saa ya mwalimu, naye mwalimu akapewa 20.

Wa pili alikuja, wakaruka saa 1.2. Wa tatu saa 1.4. Adhuhuri mawingu yakaanza kupanda kutoka bara, meupe kwanza, kisha ya rangi ya risasi, na kufikia saa tisa radi ilikuwa ikipasua anga. Ndivyo ilivyo Florida wakati wa kiangazi chao, karibu kila alasiri. Masomo mawili yakafutwa. Hata hivyo hakuruhusiwa kuondoka, maana alikuwa na mwanafunzi wa usiku. Walimu sita walikaa katika chumba kimoja wakila mikate mikavu, mmoja amelala sakafuni akijifunika koti. Saa tatu usiku mvua ilikuwa imekwisha, nyota zimetoka, wakaruka saa 1.1. Tuliondoka saa nne na nusu.

Nilihesabu nikiwa garini. Alikuwa kazini saa 16, akalipwa saa 3.7, yaani dola 74. Wakati huo kima cha chini cha mshahara katika Florida kilikuwa dola 11 kwa saa, na mtu aliyeuza soda pwani kwa saa hizo 16 angepata dola 176 bila kubeba roho ya mtu mikononi. Lakini kisheria mpwa wangu hakuhesabiwa kuwa mwajiriwa. Alitia sahihi karatasi inayosema kwamba yeye ni mkandarasi anayejitegemea, kama fundi aliyeitwa kurekebisha bomba, na kwa hiyo kima cha chini hakikumhusu, wala likizo, wala matibabu. Fundi wa bomba, hata hivyo, hupanga bei yake na kwenda nyumbani akipenda.

Wasomaji wa gazeti hili wanajua zamu ni nini. Askari anayelinda daraja usiku kucha hakatwi mshahara kwa sababu adui hakuja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe.

Iko pia kanuni ya kuzuia uchovu: mwalimu asifundishe angani zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kwa kipimo hicho, mpwa wangu aliyekuwa akiyumba usingizini mbele yangu alikuwa hajafika hata nusu ya kazi ya siku. Alinieleza kwamba wiki mbili nyuma, wakati wa kutua, mwanafunzi aliinua pua ya ndege juu mno karibu na ardhi, naye mkono wake ulichelewa kushika usukani. Walidunda mara mbili, wakasimama salama. “Niliona, Mjomba,” alisema, “lakini nilikuwa kama ninayemwona mtu mwingine.” Nilimwomba asimwambie mama yake.

Jingine lilinihuzunisha zaidi. Mwezi wa Mei alikuwa amekataa kuruka kwa sababu, alipojaribu magneto za injini moja moja, mizunguko ilishuka kupita kiasi kilichoandikwa kitabuni. Alifanya sawasawa kama alivyofundishwa. Wiki iliyofuata jina lake lilikuwa na mwanafunzi mmoja tu ubaoni. Hakuna aliyemkaripia. Kwa mgeni adhabu hiyo ni kali kuliko matusi, kwa sababu kibali chake cha baada ya masomo kilikuwa cha miezi 12, na ndani ya hiyo hakutakiwa kukaa bila kazi zaidi ya siku 90. Mwalimu Mmarekani akiudhika huhamia shule ya pili. Mpwa wangu alihesabu siku kama mfungwa, ila yeye alizihesabu kwa kuogopa zisiishe.

Nilizungumza na mwenye shule, mtu wa makamo, mkarimu, aliyeninunulia kahawa. Aliniambia bima ya ndege ni ghali, mafuta ni ghali, na kwamba vijana hawa hupata saa za kuruka ambazo wengine huzinunua. Kisha akaongeza kwamba yeye mwenyewe alipita njia hiyo hiyo. Nimewahi kuwasikia walimu wakuu wakisema hivyo hivyo juu ya fimbo. Tena haki ni haki: ziko shule zinazowalipa walimu mshahara wa wiki, mvua inyeshe isinyeshe, na ndege zao huruka vilevile.

Siku ya tatu, mpwa wangu akiwa kazini, nilitembea peke yangu mpaka chuo kikuu cha Bethune-Cookman. Bibi Mary McLeod Bethune, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, alianzisha hapo shule ya wasichana weusi mwaka 1904 akiwa na dola moja na senti hamsini na wanafunzi watano. Aliuza vitumbua vya viazi vitamu (wao huvioka) ili apate fedha ya vitabu. Mwaka 2022 sanamu yake iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani kwa niaba ya jimbo la Florida. Kaburi lake liko papo hapo chuoni, mahali tulivu. Nilikaa karibu nalo kwa muda. Yeye pia alifanya kazi bila malipo, lakini shule ilikuwa yake na aliipenda. Hakuna aliyemwuzia saa zake kwa dola 65.

Nilimwuliza mpwa wangu kwa nini wanavumilia. Akanijibu kwamba mwaka 2022 makampuni kadhaa madogo ya ndege yalipandisha mishahara ya marubani wapya, na kila mmoja chumbani mle alijiona yuko hatua moja tu kutoka mlangoni. Mwaka 2024 makampuni hayo yalipunguza kuajiri, na walimu wengi wakabaki pale pale wakiwa wametimiza saa zao.

Mzazi anayefikiria kumpeleka mwanawe huko asiishie kuuliza karo. Aulize pia mtoto atafanya nini siku ya pili baada ya kuhitimu. Mwalimu mpya hulipwa kwa saa za injini au kwa saa za kuwapo. Na kibali kitadumu miezi mingapi. Sisi hatukuuliza. Tuliuliza kama kuna baridi.

Mpwa wangu alirejea nyumbani Machi 2024 akiwa na saa 930. Shemeji yangu alikipokea kitabu chake cha saa kwa mikono miwili, akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari mpaka akafika siku ile ya Julai niliyokuwako. Akaniuliza kama ni kweli tulikaa uwanjani kutwa. Nikamwambia tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukaondoka saa nne na nusu usiku. Akarudia kuisoma tarakimu, 3.7, kisha akafungua ukurasa uliofuata.