Saa Tisa Usiku, Rangi Tatu

Simu ililia saa 10 na dakika 40 alfajiri, nikajua ni msiba. Kwetu simu ya muda huo huwa haina habari nyingine. Nilipoishika nikakuta ni namba ya wakala wa mabasi niliyemtengenezea tovuti wiki mbili kabla.

"Dogo," alisema bila salamu, "ule ukurasa wako unasema basi la Lindi linaondoka saa ngapi?"

"Saa 12 asubuhi, kaka."

"Basi njoo hapa ofisini umwambie hivyo hivyo bibi mmoja. Yupo nje tangu saa 9."

Ilikuwa Julai 2025, miezi ile ambayo alfajiri ya Mbagala inakuwa na kijibaridi cha kutafutia sweta. Nilichukua bodaboda kutoka Charambe hadi Rangi Tatu. Njiani, huku upepo ukinipiga, nilifungua tovuti kwenye simu yangu. Ukurasa wa mwanzo ukaja, nikagusa safari za Kusini, nikaona Lindi: saa 12:00 asubuhi. Nikapumua. Nikaanza kupanga maneno ya kistaarabu ya kumweleza wakala kwamba wakati mwingine wateja hawasomi vizuri.

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya ofisi, amejifunika khanga juu ya kitenge, miguu yake ikiwa juu ya begi ili mtu asilichomoe. Pembeni yake mjukuu wa kiume wa miaka kama 15 alikuwa amekumbatia ndoo yenye mfuniko. Walikuwa wametoka Chamazi kwa bodaboda, usiku wa manane, kwa bei ya usiku wa manane. Mlinzi wa duka la jirani ndiye aliyewaambia wasogee kwenye mwanga wa taa yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye saa?"

Sikupata jibu. Kijana akanipa simu yake kabla sijaiomba. Kioo kilikuwa na ufa kona moja. Juu ya ukurasa kulikuwa na saa yangu, ile niliyojivunia, inatembea sekunde kwa sekunde: sasa ni saa 11:02:17 alfajiri. Sahihi kabisa. Chini yake, kwa maandishi niliyoyachagua mimi mwenyewe yawe makubwa ili wazee wasome bila miwani: Lindi, saa 9:00 usiku.

Niliirudisha simu taratibu. Yale maneno ya kistaarabu niliyoyapanga njiani yalikwisha.

Ilinichukua siku nzima kuelewa nilichokifanya, na bado naona haya kukieleza. Lakini nitaeleza, kwa sababu najua wengi tunaofanya kazi hii kwenye vyumba vya kupanga tumewahi kukifanya, hata kama kwetu hakuna bibi aliyekesha.

Nianze na ukurasa wenyewe. Kuna namna ya kujenga tovuti ambapo simu ya mteja hupewa ukurasa mtupu pamoja na furushi la JavaScript, kisha simu ijenge kila kitu yenyewe. Kwenye simu ya bei nafuu na mtandao wa kusuasua, mteja hutazama weupe mpaka furushi lishuke. Sikutaka hivyo. Nilichagua ukurasa uandaliwe kwenye seva: mteja apokee maandishi yaliyokamilika, ayasome, halafu JavaScript ifike baadaye iuamshe ukurasa, vitufe vianze kubonyezeka. Watengenezaji huiita hatua hiyo ya mwisho haidresheni, kana kwamba ukurasa ni uduvi mkavu unaotiwa maji. Ili ifanikiwe, kivinjari huuchora ukurasa upya kwa hesabu zake na kutarajia kukuta kile kile kilichoandikwa na seva. Kikikuta tofauti, hulalamika.

Sasa saa. Sisi huanza kuhesabu siku jua linapochomoza, kwa hiyo kompyuta ikisema 06:00, sisi tunasema saa 12 asubuhi. Vivinjari vinajua Kiswahili cha Jumatatu na cha Februari, lakini saa zake zinabaki za Kizungu. Nikaandika kipande changu kidogo cha programu, nikakiita Saa. Kinachukua muda, kinaongeza 6, kikivuka 12 kinaanza upya, kisha kinatafuta neno la kufuatia: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Nilikitumia kila mahali, kwa ile saa inayotembea juu na kwa kila safari iliyo chini.

Tatizo lilianza nikiwa bado naijenga tovuti. Kila nilipoufungua ukurasa, maandishi mekundu yalijaa: kilichotoka kwenye seva hakifanani na kilichopo kwenye kivinjari. Nikigusa faili lolote na kuhifadhi, wekundu unapotea na ukurasa unang'aa. Nikiupakia ukurasa upya, wekundu unarudi.

Anayepoteza wekundu ule alikuwa msaidizi tunayemwita hoti rilodi. Ukibadilisha mstari mmoja wa programu na kuhifadhi, yeye huchukua kipande hicho tu na kukipachika kwenye ukurasa uliokwisha kufunguka. Fomu uliyoijaza inabaki imejaa, menyu uliyoifungua inabaki wazi. Ni raha kubwa. Ukishaizoea huwezi kurudi nyuma. Ila kwa ukurasa kama wangu, akishapachika hiyo rangi mpya au hilo neno jipya, harudi kumuuliza seva auandae ukurasa wote tena. Kazi inafanyika ndani ya kivinjari peke yake. Hakuna wa kutofautiana naye.

Mimi nikaelewa kinyume. Niliamini ule ukurasa unaong'aa ndio wa kweli, na wekundu ni ugomvi wa zana mbili, seva na hoti rilodi, zinazokanyagana miguu. Usiku wa kwanza nikafuta kashe. Usiku wa pili nikafuta folda zima la vifurushi, nikalishusha upya kwa bando la simu huku naangalia salio likiyeyuka. Nikarudi toleo la nyuma, nikaja toleo la mbele. Wekundu ukakaa pale pale, na kila nilipochoka niligusa faili, nikahifadhi, ukanyamaza, nikafanya kazi nyingine kwa amani.

Usiku wa tatu nikaona sababu, au niliyodhani ndiyo sababu yote. Seva inaandika saa 2:14:09 usiku. Kivinjari kinaamka sekunde moja baadaye na kuhesabu 2:14:10. Lazima vitofautiane. Hilo si kosa la mtu. React ina sifa unayoweza kuiweka kwenye kipande cha ukurasa kuiambia, hapa usilalamike, na maelezo yake rasmi yanautaja muda kama mfano wa mahali pa kuitumia. Nikaiweka. Wekundu ukaisha kabisa, hata nikipakia upya. Nikalala saa 7 usiku nikiwa fundi.

Lakini niliiweka ndani ya kile kipande kiitwacho Saa. Kwa hiyo sikuinyamazisha saa inayotembea peke yake. Nilizinyamazisha saa zote za tovuti, pamoja na saa za mabasi.

Kwenye laptopu yangu hilo halikuonekana, kwa sababu kwenye laptopu seva na kivinjari ni mashine moja na vyote vinafuata saa ya Dar es Salaam. Nilipoipeleka tovuti kwenye seva ya kukodi, ile ilikuwa imewekwa kwenye saa ya UTC, kama zilivyo nyingi. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3. Basi la saa 12 asubuhi kwetu, kule ni 03:00. Kipande changu kikaongeza 6, kikapata 9, kikatafuta neno, kikaandika usiku. Hesabu yake haikuwa na dosari hata kidogo.

Simu ya yule kijana ilipopokea ukurasa, kivinjari kilihesabu chenyewe na kupata saa 12 asubuhi. Kiliona tofauti. Kama nisingekiziba mdomo, React ingeyatupa yale maandishi ya seva na kuchora upya, na bibi angeona 9 kwa sekunde chache, kisha 12. Lakini nilishaiambia isilalamike, na pale usipotaka ilalamike haigusi maandishi pia; inayaacha yalivyo mpaka yatakapobadilika yenyewe. Saa ya juu hubadilika kila sekunde, kwa hiyo ilijirekebisha mara moja. Saa ya basi haibadiliki. Ikabaki saa 9 usiku.

Na mimi kwenye bodaboda niliona 12 kwa sababu niliingia kupitia ukurasa wa mwanzo. Ukishaingia, kurasa zinazofuata huchorwa na simu yako, inayojua uko Dar. Wakala yeye aliweka kiungo cha moja kwa moja cha safari ya Lindi kwenye status yake ya WhatsApp. Kila aliyebonyeza pale alipewa kazi ya seva. Kwa wiki mbili mimi na wateja tulikuwa tunatazama kurasa tofauti zenye anwani moja.

Wengine, nilikuja kujua, walimpigia wakala kuuliza, akawajibu saa 12, ikaisha. Bibi hakuwa na sababu ya kuuliza. Zamani mtu angesema hakuna basi la mkoani linaloondoka saa 9 usiku, lakini tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, saa 9 ni saa ya kawaida tu. Tena tovuti ilikuwa na saa inayotembea, na saa hiyo ilikuwa sawa na ya ukutani kwake. Mjukuu aliniambia hivyo: "Nililinganisha, bro. Ya juu ilikuwa poa. Ndo tukaiamini na ya chini."

Nilimwomba bibi radhi. Nilianza kumweleza kuhusu seva, nikasikia sauti yangu mwenyewe, nikaacha. Akaniuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo ile saa tisa ilikuwa saa tisa ya wapi?"

Nikamwambia ya mbali, bibi, ya Uingereza huko. Sikuwa mkweli kabisa, kwa kuwa Julai hata London wanakuwa saa moja mbele ya UTC. Akatikisa kichwa polepole. Alikuwa anakwenda kwa binti yake aliyejifungua. Ndani ya ile ndoo mlikuwa na vitu vya mzazi.

Nilirudisha nauli ya bodaboda, wakala akaongeza chai na maandazi, na saa 12 na dakika 10 basi likaondoka.

Marekebisho yenyewe hayakufika mistari kumi. Kwenye orodha ya saa za dunia ambayo kompyuta hutumia kuna jina Africa/Dar_es_Salaam, ingawa siku hizi linaelekezwa tu kwenye saa ya Nairobi. Nikalitaja waziwazi, ili seva na simu zihesabu kwa saa moja popote zilipo. Saa inayotembea nikaiacha tupu kwenye seva, ianze simu ikishaamka. Ile sifa ya kunyamazisha nikaifuta, nikapakia ukurasa upya, nikakaa kusubiri wekundu. Haukuja.

Siku hizi nikiwasha mradi wowote nyumbani naipa seva saa ya UTC makusudi, ndani ya chumba hiki hiki cha Charambe, ili ugomvi utokee hapa kwangu. Hoti rilodi naitumia bado, siku nzima. Lakini kabla ya kusema kazi imekwisha, nafungua kila ukurasa kwa anwani yake kamili, kwenye simu ya zamani ya dada yangu, kama mtu aliyetumiwa kiungo na asiyejua lolote kunihusu.

Jioni ile nilimtumia kijana kiungo kile kile, nikamwomba akifungue aniambie anaona nini. Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa picha ya kioo chenye ufa: Lindi, saa 12:00 asubuhi. Chini yake akaandika, "Iko sawa. Tumefika. Bibi kalala."