Ng'ombe Ishirini wa Bibi



Likizo iliyopita mtoto wa kaka yangu alirudi nyumbani Tarime kutoka chuoni. Alikuja na kompyuta yake, na kila jioni, badala ya kuota moto pamoja nasi, aliinamia mchezo uitwao Skyrim. Mchezo huo ulitoka mwaka 2011, nao ni nchi nzima ya kubuni, yenye wafalme, vita na majoka. Mimi nilinuna. Nikasema moyoni, je, hii ndiyo elimu tuliyouzia ng'ombe?

Siku moja nikachungulia daftari lake, nikakuta hesabu ya miaka. Enzi ya Kwanza, miaka 2,920. Enzi ya Pili, 896. Enzi ya Tatu, 433. Na habari za mchezo wenyewe zatokea mwaka wa 201 wa Enzi ya Nne. Akaniambia, "Shangazi, mambo haya yametawanyika katika vitabu vidogo vidogo vilivyo ndani ya mchezo, na vitabu vyenyewe vinabishana. Kazi yangu ni kuvilinganisha. Vikipingana, nauliza nani amekosea, na kwa nini."

Nikamwuliza, "Na babu ya baba yako alizaliwa mwaka gani?" Akanyamaza. Na mimi, msomaji, sina budi kukiri: swali nililiuliza kwa ukali, lakini jibu lake sikuwa nalo.

Kesho yake tukachukua daftari jipya, tukaenda kwa baba mkubwa, ndugu wa marehemu baba yangu. Ni mzee sana, macho yamefifia, lakini kumbukumbu yake ingali hai.

Labda utauliza, miaka itajulikanaje kwa watu ambao hawakuandika? Basi, Wakurya walikuwa na kalenda yao. Kwanza kuna esaro, yaani watu waliotahiriwa pamoja. Kila kundi lina jina lake. Pili kuna makundi ya vizazi, ambayo mtoto huingia kwa kufuata kizazi cha baba yake. Upande mmoja wako Abasai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina. Upande wa pili wako Abachuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi. Majina hayo huzunguka kama gurudumu, na baada ya vizazi vinne jina hurudi. Hapo ndipo penye mtego. Ukisikia kwamba fulani alikuwa wa Abamaina, uliza: Abamaina wa sasa, au wale waliowatangulia? Ukikosea mzunguko mmoja umepotea miaka mia au zaidi. Kijana alicheka sana. "Shangazi, hili ni gumu kuliko la mchezo!"

Tena kuna matukio makubwa, ambayo ni kama vigingi vya kufungia kamba. Mkoa wetu wa Mara umezoea jambo hili. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa Kambarage kwa sababu ya mvua. Wasomi nao hawaidharau kazi hii. Profesa Bethwell Ogot wa Kenya alihesabu vizazi ili kupanga historia ya Wajaluo wa kusini, katika kitabu chake cha mwaka 1967.

Basi tukaanza. Baba mkubwa alisema alizaliwa nzige walipofunika jua. Nzige hao walikuja kati ya 1928 na 1931. Baba yake, ambaye ni babu yangu, aliingia katika esaro yake mara baada ya vita ya Wadachi na Waingereza kwisha, yaani karibu na 1919. Kijana akapiga hesabu: alizaliwa yapata 1902. Na baba wa huyo alikuwa mvulana mchungaji wakati wa sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki kuanzia 1890 hivi. "Katika boma lake," alisema mzee, "alibaki mtamba mmoja tu."

Kisha akasimulia habari za mke wa mchungaji huyo, yaani bibi aliyemzaa babu yangu. Habari hizo nilizijua tangu utoto. Bibi yule aliingia kwetu katika miaka ileile ya njaa, naye alilipiwa mahari ng'ombe ishirini. Tulikuwa tukijivunia jambo hilo.

Kijana akaacha kuandika. Akatazama ukurasa wa nyuma, kisha ukurasa wa mbele. Akauliza kwa adabu, "Babu, ikiwa alibaki mtamba mmoja, hao ishirini walitoka wapi?"

Mzee hakujibu. Nilitamani kumkanya mtoto, lakini maneno hayakunitoka. Kuku wakapita, moto ukapunguka. Mwishowe mzee akasema polepole, "Mwanangu, hapakuwa na ng'ombe. Bibi yangu aliletwa akiwa mtoto mdogo, kutoka Ngoreme, ng'ambo ya Mto Mara. Kwao walikuwa wanakufa kwa njaa. Alitolewa kwa kikapu cha ulezi. Alipokua, akaolewa humu humu. Ng'ombe ishirini tuliwasema baadaye, ili watoto wake wasidharauliwe."

Hayo si ajabu, msomaji. Katika miaka ile ya mwisho wa karne ya 19, njaa na magonjwa vilipoishika nchi yetu, watoto wengi wa Mara walibadilishwa kwa chakula, ili wao wapone na ndugu zao nao wapone. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mmoja wao ndiye tuliyetoka tumboni mwake.

Tangu utoto nimesikia Wangoreme wakitajwa kwetu kama wezi wa ng'ombe, na huko kwao, wilayani Serengeti, sisi twatajwa vivyo hivyo. Vijana wa pande zote mbili wamezikwa kwa ajili ya ng'ombe hao. Kumbe tulikuwa tukiwaendea wajomba zetu kwa mishale.

Nikamwambia kijana afute wale ng'ombe ishirini. Akakataa. "Hapana, shangazi. Tuyaandike yote mawili, na tuandike yapi yalisemwa lini na kwa nini. Hata uongo una mwaka wake." Akaandika hivyo, akamsomea mzee. Mzee akamwomba asome mara ya pili.

Basi, ndugu msomaji, sitamcheka tena mtoto anayepanga enzi za nchi isiyokuwapo. Yeye alijua kuuliza swali ambalo mimi, mwalimu mstaafu, nililipita kwa zaidi ya miaka hamsini. Kama kwako yupo mzee, usimwulize hadithi tu. Mwulize esaro yake, nzige, njaa na vita, uandike, ulinganishe. Wala usiogope yasipolingana, maana pengine hapo ndipo palipofichwa mtu.

Jina la utoto la bibi yule halikumbukwi. Kiangazi kijacho mimi na kijana tutavuka Mto Mara, twende Ngoreme tukaulize kama liko boma linalokumbuka msichana mdogo aliyeondoka, na ulezi ukabaki.