Vifaa vya Kunyoosha Mshono wa Ngozi: Ninunue au Nisinunue?

Najua wengi wenu mnakuja hapa kutafuta mambo ya seva na hifadhidata, na wiki tatu sasa sijaandika lolote. Leo pia sitaandika kuhusu kompyuta, au tuseme nitaandika kuhusu kompyuta kwa kupitia mlango wa uani. Mwenye haraka na asubiri makala ijayo.

Tangu mwaka jana ninajifunza kushona ngozi. Naishi Kizingo, na Jumamosi asubuhi huenda kwa miguu hadi Mji wa Kale, kwa fundi mmoja mwenye kibaraza chake nyuma kidogo ya Ndia Kuu. Kazi yake ni makubadhi, mishipi na mikoba midogo. Simtaji jina kwa kuwa sijamwomba ruhusa. Mimi humwita ami, kama vijana wote wa mtaa. Yeye hutengeneza viatu tangu kabla sijazaliwa. Mimi nina shahada ya sayansi ya kompyuta na vidole vyenye plasta.

Swali la kichwa cha makala hii si langu, ni lake. Miezi michache iliyopita daktari alimwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mishono yake, ambayo watalii walikuwa wakidhani imepigwa kwa mashine, ikaanza kupinda. Mteja mmoja akarudisha jozi. Wanawe wanataka afunge kibaraza akapumzike. Jumamosi moja akaniuliza: "Mwanangu, huko kwenye intaneti hakuna chombo cha kunyosha mshono?"

Vipo, ami. Vimejaa. Tatizo ni kwamba wanaoviuza wanakueleza kama kwamba bila kila kimoja huwezi kushona hata mfuko wa funguo.

Kwanza tuelewane ni nini hasa kinachotakiwa kunyooka. Mshono wa ngozi kwa mkono ni uzi mmoja wenye sindano mbili, moja kila upande, zote mbili zikipita katika tundu lile lile. Mshono wa cherehani, ule wa mashine aliyoipatia hataza Isaac Singer mwaka 1851, una nyuzi mbili zinazoshikana katikati. Wa juu ukikatika, jirani zake wanaweza kulegea. Wa mkono ukikatika mahali pamoja, uliobaki unashika. Ndiyo sababu watu bado wanajisumbua nao. Lakini kwa kuwa matundu hutobolewa kabla ya uzi kupita, uzuri wote wa mshono umeshaamuliwa kabla hujashika sindano. Matundu lazima yawe kwenye mstari mmoja, yalingane nafasi, yasimame wima ndani ya ngozi ili upande wa nyuma utoke kama wa mbele, na kama ngozi ni mbili, yakutane.

Ami hutumia vitu vinne: bikari, msharasi, kigezo cha kadibodi na gundi. Basi. Mguu mmoja wa bikari hutembea ukingoni mwa ngozi na mwingine unachora mstari, milimita tatu au nne ndani. Kisha bikari hiyo hiyo inatembezwa juu ya mstari, hatua kwa hatua, ikiacha alama ndogo. Gundi inashikanisha ngozi mbili, msharasi unazitoboa zote kwa pamoja. Hakuna suala la matundu kutokutana, kwa sababu ni tundu moja.

Sasa mambo yanayouzwa. Kuna chuma chenye meno, mfano wa uma, unachokigonga kwa nyundo ya mbao na kupata matundu manne au sita kwa mpigo. Kuna gurudumu la meno la kuwekea alama tu. Kuna kifaa cha kuchimba mfereji mwembamba sambamba na ukingo, uzi ukalala ndani yake. Kuna kishikio cha chuma kinachoulazimisha msharasi ushuke wima. Na kuna, jamani, taa ya leza inayofungwa kwenye mashine ndogo ya kugandamiza ili ikuchoree mstari mwekundu juu ya ngozi.

Hapa mtu wa programu anaanza kukuna kichwa, maana hili ni tatizo tunalolijua. Chukua ukanda wa milimita 240 na mishono ya milimita 4. Mishono ni 60, matundu ni 61. (Mliowahi kukosea kwa moja kwenye kitanzi cha programu mtacheka. Fundi anayehesabu matundu badala ya mishono hununua ngozi mpya.) Ukifungua bikari kwa milimita 4.1 badala ya 4, kosa la sehemu moja ya kumi halionekani kwa jicho, lakini baada ya hatua 60 limekuwa milimita 6, yaani mshono mmoja na nusu. Kosa linajikusanya. Ukipima kila tundu kutoka sifuri ya rula halijikusanyi, ila utashikwa na wazimu kabla ya kufika tundu la ishirini. Chuma cha meno kinasema kimelimaliza tatizo hili: nafasi ya meno haibadiliki, na unaweka jino la kwanza ndani ya tundu la mwisho ulilotoboa, kisha unagonga tena.

Nilikuwa tayari kukubali. Halafu nikamtazama ami akifanya ukanda wa milimita 187. Kwa chuma cha milimita 4 hiyo ni mishono 46 na robo tatu, na hakuna robo tatu ya mshono. Mwenye chuma anafika mwisho na kuanza kubana matundu ya mwisho kwa kubahatisha. Ami alitembeza bikari kwa wepesi bila kukandamiza, akaona imepita mwisho kwa milimita moja hivi, akaifunga kiasi cha unywele, akatembeza tena, ikapungua kidogo, akaifungua nusu ya ule unywele, na mara ya tatu ikatua juu ya mwisho kabisa. Ndipo akakandamiza. Mishono 47, kila mmoja milimita 3.98, na hakuna aliyepiga hesabu. Chuo kikuu tulifundishwa mbinu hii wiki nzima, ya kukaribia jibu kwa kugawa kosa nusu kwa nusu, na mtihani tukafanyiwa. Nilipomweleza kwamba ina jina, akasema, "Ina jina? Mimi nilikuwa naiita kutembeza bikari."

Kwa hiyo mtu mwenye macho mazima, jibu langu ni fupi. Nunua bikari nzuri inayofungwa kwa skurubu isiteleze, nunua msharasi uliochongwa vizuri, na pesa iliyobaki nunua ngozi uharibu. Hata ile milimita 4.1 badala ya 4 haina madhara maadamu pande zote mbili zimetobolewa pamoja. Mteja hana rula. Kinachotazamwa ni kulingana kwa kitu na mwenzake, si kulingana kwake na kiwandani. Makubadhi yenyewe ndiyo ushahidi: kigezo ni kimoja, kinageuzwa juu chini kupata mguu wa pili. Kama tundu la gidamu limesogea kidogo ndani kwenye mguu wa kulia, litasogea hivyo hivyo kwenye wa kushoto, na jozi itakaa sawa. Ukitengeneza vigezo viwili, kimoja cha kila mguu, kwa vifaa ghali vya kupimia, umejitafutia mambo mawili ya kutunza badala ya moja. Wenzangu wa programu mnanielewa.

Lakini swali lilikuwa la ami, na hapo mambo yanageuka. Alama ya bikari ni mkwaruzo mdogo juu ya ngozi ya kahawia. Mwenye mtoto wa jicho haioni. Njia yake yote, nzuri jinsi ilivyo, inategemea jicho, na jicho ndilo linalotoka kazini.

Nikaazima vifaa kwa rafiki wa Nairobi anayeshona pochi, seti ya kawaida ya kutoka Uchina, si ile ya Ufaransa ambayo bei ya chuma kimoja inatosha ngozi ya mikoba kadhaa. Tukavijaribu kimoja kimoja. Leza ilikufa siku ya kwanza, na haikufa kwa betri. Mstari mwekundu juu ya ngozi nyeusi, kibarazani, mchana wa Mombasa, hata mimi sikuuona. Gurudumu vile vile, linaacha alama za kutazamwa. Kishikio cha kusimamisha msharasi alikikataa kwa sekunde kumi, na alikuwa na haki: mkono wake unajua wima kuliko chuma kile, ambacho kilikuwa kikicheza kwenye mhimili wake. Anayekihitaji ni mimi, na kipande cha mbao kilichokatwa pembe mraba kikisimamishwa kando ya msharasi kinanifanyia kazi hiyo hiyo bure.

Vilivyobaki ni viwili, na ni vile ambavyo kwa macho yangu nilikuwa nimevidharau. Kile cha kuchimba mfereji hakihitaji kuona. Mguu wake unafuata ukingo, na mfereji unausikia kwa ukucha. Chuma cha meno nacho kinakaa ndani ya mfereji chenyewe, na jino la kwanza linatafuta tundu la mwisho kwa kugusa tu. Ami alifumba macho makusudi, nadhani kunionyesha mimi au kuwaonyesha wanawe, akapiga ukanda mzima. Mstari ulikuwa mnyoofu. Mwisho haukufika sawa, mishono miwili ya mwisho ilikuwa mirefu, akanuna. Lakini mnyoofu.

Hapo nikakumbuka kile kituo cha Bombolulu, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa, kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu, wakafanya kazi za ngozi, vito na mbao. Huko hakuna aliyeuliza kama kifaa kinastahili kwa fundi wa wastani. Swali ni mwili huu, kazi hii. Wengi wetu tunaoandika kuhusu vifaa tunasahau hilo, na ninajiweka humo humo: tunapima kifaa kana kwamba mikono yote ni mmoja.

Sitaki hata hivyo mtu atoke hapa akidhani nimetibu macho kwa uma wa chuma. Mtoto wa jicho unafanyiwa upasuaji. Lenzi iliyofifia inatolewa, inawekwa ya bandia, na mara nyingi mgonjwa anarudi nyumbani siku ile ile. Nilimwambia ami wazi kwamba pesa nilizoweka kwa ajili ya ile seti ya Ufaransa, seti niliyoitamani mimi wala si yeye, ziende huko kwanza. Wanawe wakaongeza. Yeye anaogopa, na haogopi kisu. Anaogopa kwamba daktari akishindwa, hata huu ukungu anaouona ataukosa. Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kwamba ni jicho moja kwanza, na la pili baadaye. Akafikiri, akasema hiyo ni kama kujaribu kwenye kipande cha ngozi mbovu kabla ya kukata nzima. Jicho la kushoto ndilo lililochaguliwa kuwa ngozi mbovu. Miadi ni mwezi ujao.

Wakati huo huo nimemwagizia chuma cha meno sita cha bei ya chini na kifaa cha mfereji. Chuma kilipofika alikipitisha kidole, akasema meno yana makwaruzo na yatararua ngozi, akayasugua kwa msasa laini wa maji mpaka yakang'aa, kisha kwa kipande cha ngozi. Kazi ya nusu saa, na sasa kinaingia na kutoka bila kuvuta. Hilo halikuwa limeandikwa kwenye tangazo lolote nililolisoma. Halafu akaniagiza cha meno mawili, nafasi ile ile ya milimita 4, kwa ajili ya kona na ile mishono ya mwisho iliyomnunisha. Bikari ameifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye mtoto wa meza.