Nani ataishi na nani tangini?

Wazazi wenzangu, watoto wakiomba samaki wa baharini, msianze na bei. Anzeni na swali hili: nani ataishi na nani?

Nyumbani kwetu Mombasa swali hilo lilikuwa zito. Mume wangu alikuwa amemleta mwanawe wa miaka 11 kuishi nasi. Wangu ana miaka 8. Wanalala chumba kimoja, na walikuwa hawasemezani ila kwa ugomvi. Tukawapa kitu cha kutunza pamoja: tangi la lita 200, maji ya chumvi, mawe na matumbawe.

Mdogo akataka Nemo, yule wa filamu ya mwaka 2003. Mkubwa akataka samaki simba, mwenye miiba ya sumu. Hapo hakuna nusu kwa nusu. Samaki simba humeza samaki yeyote anayeenea kinywani mwake, na Nemo anaenea.

Sikuamua mimi. Niliwapa daftari: kila samaki aandikiwe chakula chake, ukubwa wake na hasira zake. Dory, ambaye ni jamii ya kangaja, akakatwa, kwani hufikia sentimita 30 na tangi letu lingekuwa jela kwake. Vitatange wakakatwa pia, maana wengi wao hudonoa matumbawe.

Tangi lilikaa wiki 6 bila samaki, ili bakteria wanaosafisha maji wazaliane. Wiki hizo watoto walibishana kila jioni, lakini kuhusu samaki. Siku moja mkubwa akafuta samaki simba kwa mkono wake. "Mama mdogo," akaniambia, "huyu atamla Nemo wa mdogo wangu." Neno hilo, mdogo wangu, sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Yeye akachagua kisamaki kinachoishi shimo moja na kamba. Kamba huyo haoni vizuri, lakini ndiye mchimbaji. Samaki hukaa mlangoni akilinda, na hatari ikija wote wawili huingia ndani.

Kanuni ya kuwaingiza ni hii: wapole kwanza, wakali mwisho, kwa sababu aliyetangulia huhesabu pahali kuwa pake. Nemo, kwa udogo wake wote, ni mkali kwa mipaka. Kwa hiyo samaki wa mkubwa aliingia kwanza, na Nemo wawili wakafuata.

Muuzaji alitufundisha jambo jingine. Ukitaka kumwongeza mgeni kwenye tangi lenye wenyeji, panga mawe upya kwanza. Wenyeji wakipoteza mipaka yao ya zamani, wote huanza sawa.

Nililifikiria hilo usiku kucha. Kitanda cha mwanangu kilikuwa dirishani tangu azaliwe, na cha mwenzake nilikibana nyuma ya mlango kwa kukosa nafasi. Jumamosi tukatoa kila kitu chumbani, tukawaachia wao wawili wapange.