Kisu cheusi si kisu kichafu

Hebu chungulia droo ya jikoni kwako. Aghalabu utakuta humo visu vya namna mbili. Cha kwanza kilinunuliwa dukani, kinang'aa kama kioo, na hata ukikisahau majini usiku kucha hakibadiliki. Cha pili kilifuliwa na fundi wa jua kali. Hakina sura, lakini kikinolewa makali yake yanaweza kukunyoa ndevu. Taabu yake ni moja: ukikiacha na maji jioni, asubuhi unakikuta kimevaa kutu nyekundu.

Mimi ninacho kisu hicho cha pili. Mama alikinunua Kamukunji hapa Nairobi, kimetengenezwa kwa kipande cha springi ya lori. Kwa miaka mingi alikaa nacho kibandani, akiwakatia sukuma wiki wateja waliotoka kazini jioni, na karo yangu ya chuo ilitoka katika makali yale. Macho yake yalipopungua nguvu, alinikabidhi mimi. Jikoni kwangu kikawa kinashika kutu, kinasuguliwa kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka king'ae, na kesho yake kutu inarudi. Kila kinaposuguliwa, chuma kinaliwa kidogo. Mume wangu akaanza kuniuliza tutakitupa lini.

Kukitupa? Thubutu!

Kisa chenyewe ni hiki. Chuma cha pua kisichoshika kutu, kile alichokivumbua Harry Brearley mjini Sheffield, Uingereza, mwaka wa 1913, kimechanganywa na kromiamu nyingi; siku hizi kiwango cha chini huwa kama asilimia 10.5. Springi ya lori aghalabu haifikishi hata asilimia 2. Basi chuma kama hicho sharti kivishwe nguo nyingine, na nguo hiyo ni weusi. Kutu nyekundu ni legelege. Inashika unyevu na kuendelea kukila chuma. Tabaka jeusi hushikamana na chuma na kuichelewesha ile nyekundu.

Nilipoanza kuulizia, washauri hawakukosekana. Mjomba wangu, aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori, aliniambia, "Mpwa wangu, hilo ni jambo dogo. Nitakuletea dawa tunayopaka bunduki." Akaja na kichupa. Ni kweli, dawa hiyo hugeuza chuma rangi ya buluu iliyokolea kwa dakika chache tu. Lakini nyingi za dawa hizi zina asidi ya seleniamu pamoja na chumvi za shaba, navyo ni sumu. Bunduki haikati nyanya za watoto. Nilimshukuru mjomba, nikamrudishia kichupa chake.

Jirani naye akasema nikilaze kisu juu ya makaa. Ushauri huu ndio hatari kuliko unavyoonekana. Chuma kilichong'arishwa kikipata moto hubadilika rangi hatua kwa hatua: manjano ya nyasi kavu kwenye nyuzi kama 220 za Selsiasi, kisha kahawia, kisha zambarau, na karibu na nyuzi 300 kinakuwa buluu ya kupendeza mno. Ila kinapofika hapo, sehemu ya ugumu aliokitia fundi imekwisha kutoka. Unabaki na kisu cha kutazamwa, kisichoshika makali.

Njia iliyobaki ni ya siki, na huna haja ya kwenda mbali kuitafuta. Kwanza jaribu kama chuma chako kitakubali: dondosha tone la maji ya ndimu kwenye ubapa, ungoje robo saa. Kikiacha doa la kijivu, endelea. Kisipoacha, hicho ni cha dukani, kiache kilivyo. Usihangaike na sumaku, kwani visu vingi visivyoshika kutu navyo hunaswa.

Toa kutu yote kwa msasa laini, kisha kioshe kwa sabuni na maji moto mpaka mafuta yatoke kabisa. Alama ya kidole chako tu yatosha kuacha doa jeupe. Pasha siki moto kidogo, isichemke, uitie katika jagi la kioo au la plastiki, fungua dirisha, halafu tumbukiza ubapa bila kuulowesha mpini. Utaona mapovu madogo. Baada ya dakika kama kumi kitoe, pangusa ule uchafu mweusi unaochafua vidole, ukirudishe. Mara tatu au nne zatosha. Ukitaka weusi uliokolea zaidi, malizia kwa chai ya rangi iliyokolezwa sana na kupoa. Utomvu wa majani ya chai ukikutana na chuma hutoa weusi kama wa wino. Kisha suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, kausha, paka mafuta ya kupikia kidogo sana.

Tafadhali, dawa ya kung'arisha nguo isikaribie siki hata kidogo. Zikichanganyika hutoa hewa ya klorini, inayochoma mapafu.

Siki hula makali, kwa hiyo kinoo kitahitajika. Ukinoa, ukingo utakuwa mweupe na ubapa mweusi, ndivyo inavyotakiwa. Vitunguu vya siku za mwanzo huenda vikawa na harufu ya chuma, lakini hupungua kadiri weusi unavyokomaa. Usidhani nguo hii ni ya milele. Kisu bado chataka kupanguswa mara tu baada ya kazi, na ukikiona kidoa chekundu, kitoe kwa majivu na kitambaa, si kwa waya. Wala usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hunywa unyevu. Changu nakitundika msumarini, juu, mahali watoto hawafiki.