Kigari, Jua na Haki ya Jirani



Waliojaaliwa kwenda Hija au Umra katika miaka ya karibuni wamekiona kigari tunachokusudia kukizungumzia juma hili. Ni kile kinachowabeba wazee na wagonjwa ndani ya Msikiti Mtukufu wa Makka, wakatufu na kusai bila ya kutaabika. Hakitoi moshi wala hakipigi kelele, kwa kuwa huendeshwa kwa betri. Wengine wamekiona katika mahoteli ya Pwani yetu kikibeba wageni na mizigo yao. Asili yake ni viwanja vya gofu, na jina hilo limekigandama hata kinapofanya kazi nyingine.

Wengi wetu hukihesabu kuwa ni kitu cha anasa. Sisi pia hatukutarajia kukikuta Macalder, tena kikiwa ni tegemeo la nyumba nzima, mchana kwa safari na usiku kwa taa.

Macalder ni mji mdogo wa Nyatike, katika kaunti ya Migori, upande wa Ziwa Viktoria. Ulipata sifa kwa machimbo ya shaba na dhahabu, ambayo kampuni iliyoyaendesha iliyafunga mwaka 1966. Wachimbaji wadogo wadogo wangali wanaitafuta dhahabu katika ardhi ile hadi leo. Katika miaka ya 1950, ili mgodi upate nguvu, kulijengwa kituo cha umeme kwenye maporomoko ya Gogo katika Mto Kuja, chenye uwezo wa megawati 2. Mgodi ukafa, kituo kikabaki. Sasa kimo mikononi mwa KenGen, na umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Kwa hiyo watu wa pande zile wameishi karibu na chanzo cha umeme kwa zaidi ya miaka 60. Lakini kukaa karibu na kisima si kuwa na maji ndani ya mtungi. Waya ukikatika, au gridi nzima ikianguka kama ilivyoanguka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, aliye karibu na aliye mbali wote hukaa gizani.

Wala kutumia jua si jambo geni katika ukanda huo. Huko Mbita, kaunti ya Homa Bay, kampuni ya OSRAM ilianzisha mwaka 2008 kituo cha kuchaji kwa jua taa za wavuvi wa omena, ili ziondoe karabai za mafuta ya taa. Baadaye shirika la WeTu likaendeleza vituo vya namna hiyo kandokando ya ziwa, na likaingia pia katika vyombo vya usafiri vya umeme. Familia tuliyoitembelea haikuzua jambo lisilojulikana. Ililichukua na kulileta nyumbani.

Mwenyeji wetu ni mfanyabiashara mwenye asili ya Pwani, aliyehamia huko zamani na kufungua duka. Mama yake mzazi ni mtu mzima ambaye magoti yamemshinda. Kupanda bodaboda hawezi, na gari la kukodi kila siku ni gharama. Kijana wetu huyo akanunua kigari kilichokwisha kutumika katika hoteli moja ya Pwani, akakisafirisha kwa lori, ili mama yake afike msikitini na hospitalini kwa heshima yake. Mkewe ndiye aliyeuliza swali lililozaa mengine yote: ikiwa chombo hiki kina betri sita, mbona sisi hulala gizani umeme ukikatika?

Swali hilo lilihitaji hesabu, na aliyeifanya ni yeye mwenyewe. Tuieleze, kwa kuwa ni hesabu ambayo kila mama anayenunua tokeni za umeme anaweza kuifuata. Kigari kile kina betri sita za volti nane nane, zilizoungwa pamoja zikawa volti 48. Kila moja ina uwezo wa ampea-saa 170. Ukizidisha 48 kwa 170 unapata wati-saa 8160, yaani yuniti nane na ushei, zilezile yuniti tunazozinunua kwa tokeni. Lakini betri za aina hiyo, za risasi na asidi, hazipendi kukamuliwa hadi tone la mwisho. Zikishushwa chini ya nusu mara kwa mara, umri wake hufupika. Kwa hiyo kati ya yuniti nane, za kutumia ni nne. Nusu ya pili ni ya betri yenyewe, ni amana isiyoguswa.

Kwanza walidhani paneli zingekaa juu ya paa la kigari. Fundi akawaonyesha kwamba paa lile ni dogo, na kwamba paneli ni lazima ziwe na volti nyingi kuliko betri ndipo ziweze kuijaza. Wakajenga banda la kukiegesha, na juu yake wakaweka paneli mbili za wati 400 kila moja, zilizoungwa kwa mfuatano, pamoja na kifaa cha kudhibiti chaji. Kwa kuwa Macalder iko karibu na mstari wa Ikweta, jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Paneli zililazwa kwa mwinamo mdogo tu, ili mvua izioshe vumbi. Siku ya jua zuri huingiza kama yuniti tatu baada ya kuondoa zinazopotea njiani. Safari zao huwala takriban yuniti moja kwa kila kilomita nane, kwa barabara za kule.

Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo halimo katika vitabu vya mafundi. Jua huwa kali saa za adhuhuri, na kigari hakichajiwi kikiwa njiani. Basi nyumba ile imejipanga upya. Safari za sokoni na hospitalini hufanywa kabla ya saa nne asubuhi, au baada ya saa tisa. Adhuhuri kigari kimetulia chini ya banda lake kinakula jua, na bibi anasali nyumbani. Mke wa mwenyeji wetu ana daftari ukutani. Kila Magharibi, kigari kikiwa kimepumzika, huandika kipimo cha volti. Zikiwa 50.9, betri zimejaa. Zikikaribia 48.5, nusu imekwisha kutumika, na hakuna mtu, hata mumewe, mwenye ruhusa ya kuchota tena.

Tulikuwapo usiku ambao daftari hilo lilipata mtihani.

Umeme ulikatika tangu alasiri. Nyumba ya jirani ilikuwa na msiba, mzee wao ametangulia, na watu walikuwa wakikusanyika kukesha matangani. Baada ya Isha kaka wa marehemu alipiga hodi. Alikuwa Mjaluo wa makamo, mpole, mwenye macho mekundu kwa kulia. Akasema, "Mama, tunaomba mtusaidie stima ya usiku huu. Taa za uani, na spika tulizokodi."

Tulimtazama mwenyeji wetu, tukamwona haya zimemjaa usoni. Alitaka kutoa kila kitu. Lakini ndani ya nyumba ile alikuwapo pia binti yao, aliyekuja kuzalia kwao uja uzito wake wa kwanza, naye alikuwa ameingia mwezi wa tisa. Kigari ndicho kilichokuwa ahadi ya kumfikisha hospitali, saa yoyote.

Bibi akatangulia kusema: "Mwanangu, jirani mwenye msiba hanyimwi mwanga."

Mkewe mwana akajibu kwa adabu, "Mwanga nitampa, Mama. Spika siwezi."

Akatwaa daftari. Magharibi zilikuwapo yuniti sita, kwa hiyo zilizo halali kutumika ni mbili. Moja aliitenga kwa safari ya binti, kwenda na kurudi. Ikabaki moja. Friza la duka lingekula nusu yake hadi asubuhi, na taa za nyumba sehemu mbili katika kumi. Taa tano za wati tisa, kwa saa kumi, zingehitaji wati-saa 450, karibu nusu yuniti. Hazikutosha. Akalizima friza, akaamuru lisifunguliwe hadi asubuhi, maana friza lililojaa na kufungwa huhifadhi baridi yake usiku kucha. Fungu la friza akampa jirani. Ama spika za wati 300 zingemeza yuniti tatu, ambazo hazikuwapo.

Akamweleza yule mzee yote haya pole pole, kwa tarakimu. Mzee akashukuru kwa taa, lakini tuliona kwamba wengine waliokuwa nyuma yake hawakuridhika. Mmoja alinong'ona kwamba wenye duka wana vingi na hutoa vichache. Maneno hayo yalimchoma mwenyeji wetu, akakaa kimya muda mrefu. Waya ukapitishwa uani, taa zikawaka, watu wakakesha wakiimba kwa sauti zao wenyewe.

Tuliulizwa usiku ule kama kulikuwa na dhambi katika kunyima. Tukasema kwamba Suratul Maaun inawakemea wanaozuia vyombo vidogo vidogo vya kusaidiana, na taa ya usiku wa msiba bila shaka ni katika hivyo. Lakini aliyepewa amana ya nafsi mbili, mama na mtoto tumboni, hana haki ya kuitoa amana hiyo zawadi ili asifiwe ukarimu. Mama yule alitoa kilicho chake, hata friza lake, akazuia kisichokuwa chake. Kujua mpaka kati ya hivyo viwili ndiyo elimu, na usiku ule elimu hiyo ilikuwa ndani ya daftari la jikoni.

Siku tatu baada ya kuondoka tulipigiwa simu. Uchungu ulimshika binti mchana, mvua kubwa ikinyesha. Betri zilikuwa na nguvu za kutosha, kama zilivyotengwa, lakini magurudumu madogo yakazama katika udongo mweusi wa Nyatike ambao ukilowa hunata kama ulimbo. Waliotoka mbio kukisukuma kigari ni vijana wa nyumba ile ya msiba, na miongoni mwao alikuwamo aliyenong'ona. Walikisukuma hadi penye changarawe. Mtoto wa kike akazaliwa salama kabla ya Magharibi, walhamdulillahi.

Tumeyaandika haya kwa sababu huku Pwani pia nyumba nyingi zimeanza kuweka sola, na baadhi ya wasomaji wana vyombo vya umeme vya kubebea wazee wao. Kwa anayetaka kufuata njia hiyo tuna nasaha chache tulizozipata kwa fundi wa Macalder. Usichomeke kabisa umeme wa betri katika soketi ya ukutani ili uwashe nyumba nzima. Umeme huo hurudi katika nguzo na unaweza kumuua fundi anayetengeneza waya mtaani. Weka swichi ya kubadilisha njia, iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Usichote nguvu kutoka betri moja ukaziacha nyingine, chota kwa zote sita kwa pamoja, na fyuzi iwe karibu na betri. Betri za asidi hutoa hewa inayolipuka zinapochajiwa, kwa hiyo banda liwe wazi, mbali na jiko na sigara. Ziongezwe maji ya betri yaliyosafishwa, si ya bomba wala ya kisima, hasa kwetu ambako maji yana chumvi. Na pasi au birika la umeme visiguse mfumo huo, kwani hula kwa dakika chache kile ambacho taa hula kwa usiku mzima.

Nasaha iliyobaki si ya fundi. Jua ni la bure, na kitu cha bure huwafanya watu wasahau kupima. Nasi tumefundishwa kutofuja maji hata tukitawadha kwenye mto unaopita. Basi akina mama, muwe na daftari. Andikeni kilichoingia, kilichotoka, na kilicho cha watu wengine ndani ya nyumba zenu: mgonjwa, mja mzito, mzee. Kisha mwekeni jirani katika hesabu mapema, kabla hajapiga hodi, ili atakapokuja mjue ni kiasi gani mnaweza kumpa bila ya kusitasita. Umeme utarudi siku yake. Jirani hana gridi nyingine ila nyinyi.

Wabillahi tawfiq.